FURAHA INAYOPITA NA FURAHA INAYOKAA

Masomo ya kusoma nyumbani: Yona 4:5-11, Matayo 13:20-21, Habakuki 3:17-18, Wafilipi 4:10-13



Kuna ulizo moja ambalo waamini wengi wanaleta mbele ya wachungaji, wengine kwa sauti, wengine kwa machozi tu. Wanauliza: «Kwa nini siku ya yenga moyo wangu unajaa furaha, filimbi zinalia, fanfari inapiga, ninaimba mpaka sauti inakauka; na kesho yake asubuhi naamka na moyo mzito kama gunia la makala? Mungu amekwenda wapi katika usiku mmoja?»

Ulizo hili si la mchezo. Kuna watu ambao wamelijibu vibaya, na jibu hilo limewapoteza. Mmoja anasema: «Furaha imekwisha, basi Mungu ameniacha.» Mwingine anasema: «Hapa nguvu imekwisha, niende kutafuta chumba kingine cha sala ambamo moto unawaka zaidi.» Anakwenda, anakaa miezi mitatu, moto unapoa, anahama tena. Mwingine hahami, lakini anaikalia huzuni yake kimya, na jamaa yake yote inaumia pamoja naye. Neno letu la leo ni kwa watu hao, na kwa kila mmoja ambaye moyo wake unapanda na kushuka.

1. FURAHA YA KILA SIKU

Tutazame kwanza namna furaha inavyofika katika malupango yetu. Umeme umekatika siku nne. Jioni moja, wakati mama anatafuta mshumaa, taa inawaka yenyewe. Watoto wanapiga kelele, mtaa mzima unaitika kwa sauti moja, kana kwamba wamepata ushindi. Kisha saa moja hakuna anayekumbuka tena. Mmoja analalamika juu ya televisheni, mwingine juu ya chumvi katika mboga. Furaha ilikuja ya kweli, ikapita kweli.

Ni vile vile siku baba anaporudi na mshahara. Nyumba inanuka samaki, bukari ni kubwa, sombe imepikwa na mafuta ya kutosha, hata jirani anaitwa. Watoto wanacheka bila kuambiwa. Tarehe 20 ya mwezi, katika nyumba ile ile, wanakula mara moja kwa siku na hakuna anayecheka.

Je, furaha hiyo ni mbaya? Hapana. Mhubiri 3:13 inatufundisha kwamba mtu kula, kunywa na kuona mema katika kazi yake ni zawadi inayotoka kwa Mungu. Mtu asiyefurahi wakati watoto wake wanashiba ana ugonjwa wa moyo. Tupokee zawadi hiyo na kusema asante.

Lakini tujue ni kitu gani tumepokea. Furaha ya namna hiyo inafanana na mvua. Sisi wakaaji wa Lubumbashi tunajua kwamba mvua inakwisha katika mwezi wa 4, ao mwanzo wa mwezi wa 5. Kisha vumbi inaingia, na katika mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi mpaka watoto wanakwenda kwenye masomo wamejifunika vitambaa. Tumewahi kumsikia mkulima akisema kwamba Mungu amekufa kwa sababu mwezi wa 7 hauna mvua? Hapana. Mkulima anajua majira. Anaweka mbegu pahali pakavu, anatengeneza jembe, anangoja. Mwenye kushangaza ni mtu anayekubali majira ya mbingu na kukataa majira ya moyo wake mwenyewe.

Kuna tena furaha ambayo watu wanaitafuta kwa nguvu wakati mvua ya moyo imekatika. Wanaitafuta katika chupa, katika lutuku, katika bangi. Kanisa letu limekataza vitu hivyo tangu mwanzo, na wengine wanafikiri ni sheria ya kutunyima raha. Watazame mtu huyo asubuhi. Furaha aliyoinunua jana usiku imekwenda na mshahara wake, na huzuni aliyoikimbia inamngoja mlangoni pamoja na watoto.

2. YONA NA MTI WAKE

Katika Biblia kuna mtu mmoja ambaye furaha yake ilipimwa na Mungu kwa muda wa siku mbili tu. Ni nabii Yona. Alipokwisha kuhubiri Ninawi, alitoka mjini, akajitengenezea kibanda upande wa mashariki, akakaa kuona mji utapatwa na nini. Jua lilikuwa kali. Mungu akaotesha mti wa kumfunika kichwa. Yona akafurahi, na Biblia inasema furaha yake ilikuwa kubwa sana. Tuangalie vizuri: katika kitabu chote ni pahali hapa tu tunaambiwa kwamba Yona alifurahi.

Kesho yake mapema Mungu akatuma funza. Funza akala mti, mti ukakauka. Upepo wa moto ukavuma, jua likampiga Yona kichwani, naye akaomba afe. Jana furaha kubwa sana. Leo anataka kufa. Ni kitu gani kilichobadilika kati ya siku hizo mbili? Mungu hakubadilika. Wito wa Yona haukubadilika. Hata kibanda chake kilikuwa pale pale. Kilichobadilika ni kivuli.

Ndipo Mungu akamuuliza ulizo ambalo linatuuliza sisi pia. Yona alikuwa na huruma kwa mti ambao hakuupanda, uliomea usiku mmoja na kufa usiku mmoja. Je, Mungu asiwe na huruma kwa mji wenye watu zaidi ya 120,000, ambao hawajui kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto, pamoja na wanyama wengi?

Hapa ndipo ugonjwa wa Yona unaonekana. Ninawi ilitubu. Watu zaidi ya 120,000 waliokoka kifo. Ilikuwa sikukuu kubwa mbinguni, maana Bwana Yesu anatufundisha katika Luka 15 kwamba mbinguni kuna furaha hata kwa mwenye zambi mmoja anayetubu. Lakini Yona hakuingia katika sikukuu hiyo. Yeye alikuwa nje ya mji, anafurahia majani.

Basi tunajifunza neno hili: furaha iliyofungwa kwenye kivuli chetu inakauka pamoja na kivuli. Furaha iliyofungwa kwa watu ambao Mungu anawapenda haiwezi kuliwa na funza. Yona angekuwa na furaha ya watu wale, jua lingemchoma, ndiyo, lakini asingeomba kufa.

3. MITI TULIYOIONA IKIKAUKA

Inchi yetu pia imeona miti mingi ya Yona. Wenye miaka ya kutosha wanakumbuka feza za zamani. Mwisho wa mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire 5,000,000. Mtu aliyekuwa na noti moja katika mfuko alikuwa milionea. Lakini wafanya biashara wengi waliikataa, na askari waliolipwa nayo walikasirika; katika mwezi wa 1 wa 1993 Kinshasa iliporwa. Mwezi wa 10 wa mwaka ule ule ikaja zaire mpya, na zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Noti ile ya milioni 5 haikufika hata zaire mpya 2. Funza alikula milioni mbele ya macho yetu.

Na hapa Katanga, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mapatano na kupokea feza za mwisho mara moja. Wengi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Siku ile katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kulikuwa shangwe. Walilipa madeni, walinunua nguo, wengine walianza biashara ndogo. Kwa jamaa nyingi feza zilikwisha mapema kuliko walivyofikiri, na kazi haikuwapo tena. Hatusemi hivi kwa kuwacheka. Wengi wao ni baba zetu. Lakini tuulize: kati ya jamaa hizo, ni ipi iliyosimama? Ni ile ambayo baba na mama walikaa pamoja siku feza zilipokwisha, wakalima, wakauza makala, wakaendelea kusali, na hawakuanza kutafuta nani aliyewaroga.

4. MIEZI MITANO NA MIAKA THELATHINI

Ndugu wapendwa, hakuna Kanisa linaloweza kulifahamu fundisho hili kuliko letu, kwa sababu limeandikwa katika historia yetu.

Tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1921, pale Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu aliweka mkono juu ya mama mgonjwa, jina lake Kiantondo, akamponya kwa jina la Yesu. Habari ilienea. Watu waliacha mashamba na kazi, gari la moshi lilijaa, njia za kwenda Nkamba zilijaa wagonjwa na wenye kuimba. Ni nani asiyekuwa na furaha siku zile? Hata mwenye imani ndogo kama mbegu ya mchicha aliimba pamoja na kundi.

Wakati huo ulikuwa wa muda gani? Kutoka mwezi wa 4 mpaka mwezi wa 9. Ni miezi mitano tu. Tarehe 12 mwezi wa 9 alijitoa mwenyewe mikononi mwa wakoloni. Tarehe 3 mwezi wa 10 wa 1921, katika Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, baraza la waaskari lilimhukumu kupigwa fimbo 120 na kuuawa. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta huku, Elisabethville, mji wetu wa Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1,500 mbali na Nkamba. Alikaa kifungoni mpaka kifo chake tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Ni miaka thelathini.

Miezi mitano ya kundi na nyimbo. Miaka thelathini ya ukuta. Tukiipima kazi ya Mungu kwa furaha ya watu, tutasema ilikwisha katika mwezi wa 9 wa 1921. Na kweli wako waliosema hivyo na kurudi kwao. Bwana Yesu aliwataja katika Matayo 13: ni mbegu iliyoanguka juu ya mawe. Wanalipokea neno mara moja kwa furaha, lakini hawana mizizi. Taabu ikifika, wanaanguka. Tuangalie kwamba Yesu hasemi furaha yao ilikuwa ya uwongo. Walifurahi kweli. Kosa lilikuwa chini, pahali pa mizizi.

Lakini wako waliobaki. Walisali usiku, walihamishwa kwa nguvu mbali na inchi ya kwao, na kule walikopelekwa walipeleka imani, mpaka ikaenea kuliko wakoloni walivyotaka. Mama Muilu Marie, mama wa wana watatu, Kisolokele, Dialungana na Diangienda, alibaki Ngombe-Kinsuka. Alikusanya waamini kwa siri na kuwatia moyo, mwaka kwa mwaka, chini ya macho ya serikali. Aliacha dunia hii tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 1959. Ruhusa ya serikali kwa Kanisa letu ilitoka tarehe 24 mwezi wa 12 wa mwaka ule ule. Haikuwa imebaki hata miezi nane. Mama hakuiona siku ile ya kuimba bila kujificha.

Je, tutasema Mama Muilu hakuwa na furaha? Kama furaha ni kucheka na kushangilia, alikuwa na siku chache sana za namna hiyo. Lakini mtu asiyekuwa na furaha ndani hawezi kuwatia wengine moyo kwa miaka 38. Alikuwa na ile furaha nyingine, ile inayokaa. Haikuwa imefungwa kwenye kivuli chake. Ilifungwa kwa watu aliopewa kuwalinda.

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 mwezi wa 4 ni siku ya mapumziko katika Kongo nzima kwa ajili ya ukumbusho wa Papa Simon Kimbangu. Tunashukuru. Lakini siku ya mapumziko inakwisha jioni. Kile ambacho hakipaswi kwisha jioni ni imani ya wale walioishi miaka thelathini bila sikukuu.

5. TUFANYE NINI SIKU FURAHA IMEPITA?

Kwanza, tusiseme uwongo juu ya huzuni. Mwaka 2025 vita iliingia Goma katika mwezi wa 1 na Bukavu katika mwezi wa 2. Kati yetu kuna wenye ndugu kule, na kuna wenye kulia wafu. Mtu asiende kwa mama anayelia na kumwambia: «Cheka, Mkristo hana huzuni.» Bwana wetu Yesu alilia mbele ya kaburi la Lazaro, naye alijua kwamba atamfufua. Ukienda kwa mwenye kilio, kaa naye, chota maji, pika, lala pale ikiwa lazima. Maneno yatakuja nyuma.

Pili, tusikate mambo makubwa kwa moto wa moyo, wala kwa baridi yake. Wakati wa nsinsani, vikundi vinashindana, nyimbo zinapanda, mtu anasimama na kuahidi feza ambazo hana. Kesho yake anajificha asikutane na mwenye kuandika majina. Mhubiri 5 inatuonya kwamba ni afazali kutoahidi kuliko kuahidi na kutolipa. Ukate neno la sadaka yako nyumbani, pamoja na mke wako ao mume wako, na uitoe kwa shangwe siku ile. Vile vile usiache Kanisa, usiache ndoa, usimfukuze mtoto siku moyo wako umekuwa mchungu. Ngoja. Mwezi wa 7 si wakati wa kungoa mimea na kusema shamba limekufa.

Tatu, tusiifanye jamaa ilipe deni la moyo wetu. Kuna nyumba ambazo watoto wanajifunza kusoma uso wa baba mbele ya kusoma kitabu. Wakisikia mlango, wananyamaza kujua leo ni baba gani amerudi, wa kucheka ao wa kupiga. Baba, huzuni yako si zambi. Lakini mtoto hakuileta. Tunavua viatu kwenye mlango wa nyumba ya Mungu. Tujifunze kuvua hasira kwenye mlango wa nyumba yetu.

Ine, tutende. Kanisa letu limetupa mambo matatu: upendo, amri na matendo. Hakuna hata moja linalongoja mtu ajisikie vizuri kwanza. Siku moyo ni mzito, ufagie uwanja wa Kanisa. Umtembelee mgonjwa. Umpelekee mjane kikombe cha unga, hata kama chako ni kidogo. Mtume Paulo aliandika barua yake kwa Wafilipi akiwa katika minyororo, na barua hiyo imejaa furaha. Anasema alijifunza kutosheka, katika njaa na katika shibe. Tusikie neno hilo: alijifunza. Hakuamka nayo asubuhi moja. Furaha inayokaa ni masomo, yenye darasa la kwanza na la pili, na mwalimu wake ni kazi ya kila siku mbele ya Mungu.

Nabii Habakuki alitazama mtini usiochanua, mizabibu bila matunda, shamba bila chakula na zizi bila ng'ombe, akaamua kumfurahia Bwana. Alikuwa na macho. Aliona zizi ni tupu na alisema ni tupu. Lakini hakuweka mizizi yake ndani ya zizi.

Basi, ndugu, tukitaka kujua kama mtu ana furaha ya kweli, tusitazame anavyoimba siku ya sikukuu. Tuulize jirani wake anaishi naye namna gani siku unga umekwisha.

KWA SALA YA JAMAA JUMA HILI

Jamaa isome Yona 4 jioni moja, mtoto mmoja asome kwa sauti. Kisha kila mtu aseme: mti wangu ni upi, ambao ukikauka ninataka kufa? Na Ninawi yangu ni ipi, yaani ni watu gani ambao Mungu amenipa kuwapenda, na mimi nimekaa nje ya mji? Mbele ya siku ya yenga, jamaa ichague mtu mmoja mwenye huzuni na kumtembelea pamoja.

Tusali. Ee Mungu Baba yetu, asante kwa kila kivuli ulichotuotesha, kidogo ao kikubwa. Funza akija, usituache tuombe kufa. Utupe kufurahia kile unachokifurahia wewe, watu wako waliookoka. Wafariji wenye kulia leo, katika mji huu na kule mashariki mwa inchi yetu. Utupe mizizi kama uliyowapa wale waliotutangulia katika vifungo. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.